Sendofu ya Ngozi

"Mtoto wangu haendi kokote," alikuwa anasema Tumbo.

"Mtoto wako yupi, na mimi hapa nimeshamvaa mbele ya..."

"Umemvaa? Kwani yeye glovu?"

"...mbele ya wodi nzima, na wewe ulikuwa unaona, hukusema kitu."

"Nilikusitiri tu. Ulikuja kwangu mifupa iko nje, nikakufunika. Mtu akikufunika shuka ndiyo umeshaoa?"

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta hapo, ugomvi umeshapamba moto, na mimi nimelala katikati yao. Anayeng'ang'ania mtoto ni tumbo langu. Anayemtaka ni mkono wangu wa kulia. Wamekaa pamoja kwa sababu wameshonwa pamoja, na hilo la kushonwa si la ndotoni, ni kweli tupu.

Mimi nakamua miwa. Mashine yangu ilininyofoa ngozi yote ya mgongo wa mkono, ikabaki mifupa na mishipa inang'aa kama nyaya. Hospitali, Daktari Lukindo akainua kipande cha ngozi ya tumbo bila kukikata chote, kikawa kama kifuniko cha mfuko wa shati. Akaupenyeza mkono chini yake, akashona. Ngozi inaendelea kunywa damu ya tumbo huku inazoeana na mkono. Ikishazoea, inakatwa kwa tumbo, inahamia jumla. Ikikatwa haijazoea, inakuwa nyeusi, inaoza, na vidole vinaifuata.

Sasa ni lini ikatwe? Hapo ndipo penye utafiti. Wagonjwa wengine wanakatwa Mapema, wengine Baadaye, halafu inaangaliwa nani kapona vizuri. Hakuna anayechagua. Inafunguliwa bahasha. Yangu ilisema Mapema, na Mapema yenyewe ni leo asubuhi.

Kwa hiyo Tumbo na Mkono hawakuwa wanagombania ngozi hiyo bure.

"Wewe," Tumbo akamwambia Mkono, "uliingia kwenye mashine huku unachekelea wasichana. Leo nikupe mwanangu?"

"Nilikuwa nachagua ndimu."

"Ndimu zilikuwa zimevaa gauni?"

Nikataka kuamua ugomvi, kwa kuwa wote wangu. Nikagundua sina mdomo. Upo, ila umebandikwa plasta, na juu ya plasta pameandikwa: ENEO LA UTAFITI.

Mara wodi si wodi. Ni ukumbi wa sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Mapazia ya vitanda yamefungwa mafundo kama mapambo, chupa za dripu zinaning'inia pamoja na maputo, na kitanda changu kimepandishwa jukwaani. Sista Eliaika, nesi wetu, amesimama mlangoni kwa sare ya kitenge, anapokea wageni. Mgeni wa kwanza ni Mpimaji, yule anayekuja kupima makovu. Kanuni ya utafiti inasema Mpimaji asione nani yuko kundi gani. Basi anaingia, anatoa macho yake, la kulia kisha la kushoto, anamkabidhi Sista. Sista anayaweka kwenye bakuli la chuma.

Mpimaji anakuja akipapasa. Ananishika uso.

"Huyu kundi gani?" anauliza. "Msiniambie."

Hakuna aliyemwambia. Kule mlangoni, macho yake yananitazama toka bakulini. Moja linanikonyeza.

Viti vya nyuma kabisa wamekaa watu ambao taa haziwafikii. Kila mmoja kashika simu, na kila simu inaita. Hawapokei. Wanaziangalia tu, kama mtu anayeangalia mvua.

Kitanda changu kinasogea chenyewe mpaka kwao. Mwanamke mmoja, taya lake limejengwa upya, zuri, limenyooka kuliko la kuzaliwa, ananiambia karibu, bila kunitazama. Nikamwuliza kwa macho hawa ni akina nani.

"Sisi ndio tuliopotea," akasema. "Wagonjwa wa utafiti waliotakiwa kurudi kliniki hawakurudi."

Akanieleza taratibu, kama anaeleza njia ya sokoni. Wengine walihama, wengine walibadilisha laini, wengine matokeo yaliwatia aibu wakaona kwenda kuonyesha ni kujitesa. Kwenye ripoti wameandikwa mstari mmoja tu: walipotea. Basi wakapotea. Ndugu zao wanawapita barabarani. Chakula wanakula, hakishuki.

"Ngozi yako ikifa kesho, na wewe hutarudi," akasema. "Mkono mweusi nani anataka kuuonyesha? Nimekuwekea kiti."

Kiti kipo pembeni yake. Hakina mtu. Juu ya kiti kuna glovu moja ya kulia, imejaa, kana kwamba kuna kitu ndani, na vidole vyake vinapumua.

Simu zote zikaita kwa pamoja. Nikarudishwa jukwaani.

Meza kuu imeshakaliwa na Kamati ya Maadili, ile ambayo bila yenyewe hakuna utafiti wa kugusa mtu. Wajumbe wamekula sare, na kila mmoja ana soda yake ambayo hainywi. Mwenyekiti ni miwani. Hakuna mtu aliyeivaa. Ni miwani, imekaa hewani pale ambapo uso ungekuwepo, na kila ikiinama wajumbe wote wanainama.

Miwani ikasema shughuli haiwezi kuendelea mpaka ridhaa zihakikishwe, kwa sababu kanuni ni hiyo: kila anayehusika aulizwe kwanza. Mkono akasimama, maana sasa amejua kusimama, akasema yeye aliulizwa akakubali. Tumbo akasema kwa kununa kwamba naye aliulizwa, ila aliulizwa amelala usingizi wa dawa. Daktari Lukindo akaibuka chini ya meza, amevaa suti inayomzidi mabega, akasema mgonjwa alielezwa kila kitu na akaweka dole gumba la kushoto.

"Mgonjwa ni nyumba," ikasema Miwani. "Naulizia anayehama."

Daktari akapapasa mifuko ya suti, akatoa uzi, akaurudisha.

Akaitwa mshenga. Mshenga ni Sindano, yule yule aliyetuunganisha, kaja na uzi wake unaburuzika nyuma kama mkia wa gauni. Akajieleza kwamba alitumwa kwa Mkono, akatoka akaenda kwa Tumbo, akarudi kwa Mkono, akaenda tena kwa Tumbo, na kazi yake ilisifiwa.

"Ulipopita kwa bibi harusi ulimwuliza?"

"Nilimchoma tu," akasema Sindano.

Simu za nyuma zikanyamaza zote. Hapo ukumbi mzima ulielewa, na mimi nikaelewa mwishoni kabisa kama kawaida yangu. Ngozi hajaulizwa. Wamezungumza wenye nyumba, wamezungumza wageni, vimeandaliwa viti na maputo, na anayetolewa kwao kwenda kwa watu hakuna aliyemfungulia mdomo.

Na kwetu hilo halipo. Kwetu hata posa ikiletwa na ukoo mzima, binti anatolewa ndani kafunikwa, anaulizwa mbele ya wote: unawajua hawa? Tupokee walichokuja nacho? Anaulizwa mara tatu. Asipojibu, hakuna anayegusa sahani, na waliokuja wanarudi walikotoka na vikapu vyao.

"Atolewe," ikasema Miwani.

Sista Eliaika akafunua bandeji kwenye kona, polepole, kama anafunua mtandio. Ngozi akatokea. Uso hana. Ana vinyweleo vyangu vya tumboni, vimesimama wima vyote, na vitundu vidogo vinavyofunguka na kufumba. Wanawake wa kamati wakataka kupiga vigelegele, vikakataa kutoka.

"Ngozi, unamjua huyu Mkono?"

Hakujibu. Akaanza kupauka, kuanzia pembeni.

"Mnaona," akasema Tumbo. "Hamjui."

Nilitegemea Mkono aporomoshe maneno, maana mdomo anao. Badala yake akasema yeye ni mkono wa kukamua miwa tu, hana la kujivunia, na vidole viwili havikunji vizuri.

"Lakini usiku ukiwashwa," akamwambia Ngozi, "ni mimi niliyekuwa nakukuna kwa chini. Nilikuwa natumia kile kidole kinachouma."

Tumbo akaguna. Kumbe alikuwa anausikia ule mkuno, akadhani ni njaa. Kisha akasema kwa sauti ya kushindwa kwamba binti yake tangu azaliwe amekaa chini ya shati, hajawahi kwenda popote, na yeye kama mzazi anachoogopa ni hicho tu.

Akaulizwa mara ya pili. Weupe ulikuwa umemfika katikati. Kule nyuma yule mwanamke wa taya akafuta vumbi kwenye kiti changu kwa kiganja.

Ngozi akasema. Sauti yake niliisikia sehemu mbili kwa pamoja, mkononi na tumboni, kama redio mbili nyumba za jirani.

"Huko kuna jua?"

"Lipo," akasema Mkono. "Mpaka utalichoka."

Vitundu vyake vyote vikafunguka. Macho ya Mpimaji yakaelea ndani ya bakuli yapate kuona vizuri. Daktari Lukindo kashika kisu, anasubiri jibu. Miwani ikainama kuuliza mara ya tatu, wajumbe wakainama nayo.

"Ngozi, tupokee?"

"Kabla sijajibu," akasema Ngozi, "na huyu mwingine ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu anayesikiliza."

Wakageuka wote. Tumbo akageuka, Mkono akageuka, Sindano, kamati, waliopotea, macho ya bakulini. Wananitazama mimi, na hakuna hata mmoja kati yao anayeonekana kunifahamu.

Nikaamka.

Asubuhi, uji umeshafika, jirani yangu wa kitanda cha pili anakoroga sukari. Mkono upo palepale, umelala kwenye tumbo. Nikagusa mdomo, plasta hakuna. Nikajisemea dawa za maumivu zina mambo.

Daktari Lukindo akaja na Sista Eliaika. Akanieleza kwamba kabla ya kwenda kukata, anaweka jaribio. Sista akafungua bandeji, daktari akachukua kampira kembamba, akakafunga kwenye shina la ngozi, pale inapounganika na tumbo, damu ya tumbo isipite. Sasa ngozi itegemee mkono peke yake. Ikibaki hai, tunakata. Ikigeuka rangi, hapo tutazungumza mengine, akasema, na hakuyataja.

Tukasubiri. Ngozi ikapauka kuanzia pembeni. Ikawa nyeupe kama unga, halafu rangi ya bluu kidogo ikaingia. Jirani akaacha kukoroga. Sista akanishika bega kwa namna ambayo manesi wanakushika wakijua jambo. Nikaangalia ukutani, nikawa najiuliza mtu wa mkono mmoja anakamua nini.

"Ngassa," Sista akaniita. "Hebu tazama."

Kutokea upande wa vidole, wekundu ulikuwa unakuja. Pole, kama chai inavyopanda kwenye mkate. Ukafika katikati, ukafika ukingoni. Daktari akabonyeza kwa dole gumba, pakawa peupe, akaachia, rangi ikarudi yenyewe.

"Imekubali," akasema Sista.

Daktari alikuwa ameona kitu karibu na kifundo cha kidole cha shahada, Sista naye akaona, na mimi nikaona. Doa la hina. Si doa, ua, dogo kama punje ya dengu, lina petali zake zote. Sista akalifuta kwa spiriti. Pamba ikatoka safi. Bandeji haikufunguliwa tangu jana mchana mpaka muda huu, na aliyeifunga ni yeye.

Daktari Lukindo akainama aangalie kwa karibu. Akainama zaidi. Halafu akageuza kichwa, akaweka sikio.

Alikaa hivyo kwa muda. Akasema, "Ndiyo." Akasikiliza tena, akasema, "Hapana, hilo sikulijua. Samahani sana."

Akanyanyuka. Akanitazama kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu akamkuta mgeni amekaa kitandani.

"Ngassa, ndugu yangu, usinielewe vibaya," akasema. "Anauliza huyu anayesikiliza ni nani. Hebu tupishe kidogo."