Mbwa wa Courant

Sudi alifungua kabati kwa mara ya tatu, kana kwamba kitabu ni mtoto aliyejificha na sasa angechoka, atoke mwenyewe. Hakikutoka. Kwenye rafu ya juu, kati ya kitabu cha kwanza na cha tatu, palikuwa na pengo ambalo hata vumbi lilikuwa bado halijalikalia.

"Mama Yasmine," aliita, kwa ile sauti ya upole ambayo mkewe alishajua kwamba si upole. "Ile kitabu ya kijani iko wapi?"

Amida alikuwa uani akichambua mboga. "Ya kijani gani? Biko mingi."

"Yenye ilikuwa apa katikati. Ya Préfet."

Uani mikono ikaacha mboga. Waliooana siku nyingi hujifunza kuogopa mboga zikiachwa namna hiyo.

"Aah, ile ya courant," Amida akasema. "Nilipatia Dan."

Sudi alikuwa seremala wa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa watu wa Maniema, mtu wa msikiti na wa kazi safi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: vitabu vya mbwa wa kuwinda. Mbwa mwenyewe hakuwa naye wala hakumtaka. Kusema kweli aliwaogopa, na akiona mbwa mbele yake hubadilisha njia. Lakini zamani aliletewa meza ya ofisi airekebishe, akakuta kitabu kwenye droo, akakifungua, na humo ndani alisimama mbwa mmoja ameinua mguu, pua mbele, mkia umenyooka, anamwonyesha bwana wake ndege aliyejificha majanini. Mwenye meza akamwambia akitupe. Sudi alikitengenezea kabati, lenye vioo.

Tangu hapo alivichukua popote vilipotokea, kwenye vibanda vya vitabu vya zamani, kwenye nyumba za waliohama, kwa masista waliokuwa wakisafisha maktaba yao. Kuna watu hupumzika kwa bia. Sudi alipumzika kwa kusoma jinsi mbwa wa majini anavyofundishwa asimtafune bata. Amida alishindwa kabisa na jambo hili. Alimkumbusha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, wala yenye picha, na yeye kaleta vyote viwili akavifungia kabati moja. Sudi akajibu kwamba mbwa wa kuwinda ameruhusiwa.

"Wa kuwinda, ndiyo," Amida alimjibu. "We unawindaka nini?"

Sudi akaenda kufuta vioo vya kabati.

Katika jiji zima la Lubumbashi alikuwepo mtu mmoja tu ambaye Sudi angeweza kuzungumza naye mambo haya bila kuchekwa. Ni mzee Symphorien, Mkasai aliyewahi kuongoza shule ya sekondari, ambaye bado kila mtu alimwita Préfet. Aliishi mtaa wa Golf, kwa mwanawe wa kiume, na alikuwa na kabati lake la vitabu vya mbwa. Jumamosi baada ya Jumamosi wawili hao walikaa barazani na kubishana kuhusu mbwa ambao hawajawaona. Préfet aliwapenda mbwa wa kusimama, wale wanaonyoosha pua na kungoja. Sudi aliwapenda wa kukimbia, wanaomfukuza mnyama kwa kundi huku wakipaza sauti, kila mmoja na yake. Préfet akawaita wapiga kelele. Sudi akawaita wale wa Préfet wavivu wenye cheo. Wakanywa chai.

Sasa, kulikuwa na seti ya vitabu vitatu vya hao mbwa wa kukimbia. Cha kwanza, cha kuwachagua na kuwalea, alikuwa nacho Sudi. Cha tatu, cha magonjwa yao na uzee wao, alikuwa nacho Sudi. Cha pili, chenye mawindo yenyewe, alikuwa nacho Préfet, na kwa miaka sita alikataa kukiuza, kukibadilisha, hata kukiazima. Miaka sita Sudi alisoma mbwa wanazaliwa na mbwa wanaumwa, lakini hakuwahi kuwaona wakikimbia.

Halafu juzi juzi, bila kuombwa, mzee alimkabidhi. "Dimanche iwe apa," alisema. "Bila kukosa." Sudi alikipokea kwa mikono miwili. Akakisoma taratibu, hakutaka kiishe, na alikuwa amefika pale kulungu dume anajitupa mtoni na kundi zima limesimama ukingoni likilia. Leo ilikuwa Jumamosi. Asipokirudisha kesho, Jumapili, Préfet hatamfungulia tena lile geti, na hapo Sudi atabaki na Kamalondo nzima isiyojua tofauti ya mbwa na mbwa.

"Ulipatia Dan," alirudia polepole. "Dan wa umeme."

"Dan wa umeme, ndiyo. Avenue yote iko mu giza, cabine ya umeme imekufa, Dan anasema ni ya zamani sana na papier yake ya kuitengeneza haiko. Mi nikakumbuka ile kitabu. Iko imeandikwa courant nyuma. Nikasema labda itamusaidia, na sisi atatuwashia ba mbele. Nilikosa nini?"

Sudi alishika kichwa. Kwa Kifaransa mbwa wa kukimbia ni chien courant, mbwa anayekimbia. Mgongoni mwa kitabu maandishi ya dhahabu yalikuwa yamebanduka, neno la mbwa limefutika kabisa, likabaki neno moja tu: COURANTS. Na Lubumbashi nzima, kuanzia mtoto anayejifunza kusema, neno hilo lina maana moja, umeme, kile kitu kinachokatika.

"Haukufungua ndani? Ata ukurasa moja?"

"Mi nifungue bitabu byako?" Amida alisimama mlangoni na mboga mkononi, sasa na yeye amekasirika. "Na ile mikia yote? Baba Yasmine, mi niko na uzu yangu ya kusali."

Sudi alivaa viatu.

Cabine ya umeme ilikuwa mwisho wa avenue, kijumba cha matofali chenye mlango wa chuma, na mbele yake alikaa Mukuka, mwenzake Dan, juu ya bunda la nyaya. Alikuwa anakula karanga. Hakuna kilichokuwa kinatengenezwa.

"Ni weye baba ya kitabu?" Mukuka aliuliza, akaanza kucheka kabla ya kujibiwa. "Dan aliifungua apa, mbele ya batu yote. Tukasema tuone schéma ya cabine. Imbwa. Akageuza. Imbwa tena. Ata fil moja ya umeme hakuna."

"Iko wapi?"

"Alienda nayo Golf na asubui. Kuko client anamufanyia kazi kule."

"Aliibeba kusudi, ao ilibakia tu mu sakosi yake ya kazi?"

"Papa, mi njo nitajua?"

"Umupigie basi."

"Telephone yake imezima. Ataichargia wapi? Si unajua courant hakuna."

Sudi alimtazama fundi wa umeme aliyemweleza kwamba hakuna umeme. Akaketi kwenye tofali, akangoja. Majirani walipita wakimsalimia, na mmoja, ambaye habari zilishamfikia, alimuuliza kama wale mbwa wanauma au wanapiga shoti. Dan hakurudi. Jua likashuka, Mukuka akafunga mlango wa chuma na kwenda zake, na Sudi akarudi nyumbani na hasira iliyopoa ikawa kitu kibaya zaidi, yaani aibu.

Asubuhi alitoa cha kwanza na cha tatu kabatini. Kama kitabu cha mtu kimepotea mikononi mwake, basi ni haki atoe alivyo navyo. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumpa Préfet. Alivifunga ndani ya gazeti. Amida alikuwa anamtazama.

"Unabipeleka wapi?"

"Kwa Préfet."

"Byote mbili?"

Miaka yote Amida aliomba vitabu hivyo vitoke. Sasa vilikuwa vinatoka, na hakuonekana kufurahi hata kidogo. Aliingia chumbani, akarudi na kitenge kizuri, akalitupa lile gazeti na kuvifunga upya yeye mwenyewe, bila kuvifungua. "Umuambie ni mi njo nilikosa," alisema. "Usibebe peke yako."

Barabara za Golf ni pana na tulivu, na nyuma ya kila geti kuna mbwa. Sudi alitembea katikati kabisa ya barabara, kifurushi kifuani, huku wakibweka kulia na kushoto, na mwenye gari aliyempigia honi asogee pembeni alipiga bure. Mtu aliyesoma habari za mbwa nusu ya maisha yake alifika kwa Préfet akiwa amelowa jasho.

Mzee alikuwa barazani, blanketi magotini ingawa hakukuwa na baridi. Ndani, kwenye korido, kulikuwa na makartoni yamepangwa hadi dirishani. Sudi hakuyajali. Alibaki amesimama na akaanza kusema, na alisema yote: giza, cabine, neno mgongoni, Dan, Mukuka na karanga zake. Alisema mkewe hakufanya kwa ubaya. Alisema hana kitabu cha kurudisha. Akafungua kitenge, akaweka vitabu vyake viwili mezani.

"Basi chukua hivi, Préfet. Havitoshi, ninajua. Njo yote niko nayo."

Préfet alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Kisha akainua blanketi. Kitabu cha kijani kilikuwa magotini mwake.

"Yule kijana aliniletea jana," alisema. "Aliona cachet yangu, ile muhuri, mu ukurasa ya kwanza, na avenue ya hapa. Mutoto muzuri. Ananiambia, Papa, kuko mama moja alinipatia hii juu nitengeneze cabine." Mzee alianza kutikisika kwa kicheko, akafuta macho. "Sudi, nilicheka mpaka nikakunywa dawa."

"Jana," Sudi alisema.

"Jana na midi, saa sita ya mchana."

"Na haukunipigia."

"Na nini? Telephone imezima. Courant hakuna."

Sudi akakaa. Siku mbili neno hilo lilikuwa linamfuata, na sasa limemfikia hadi huku kwa wenye villa.

Préfet akaweka cha pili mezani, katikati ya vile viwili, akavisogeza mpaka vikagusana. Kijani kilikuwa kimoja, hata mikwaruzo yao ilifanana. Miaka sita walikuwa wanavizungumzia na hawakuwahi kuviona pamoja.

"Utabeba yote tatu," mzee alisema. "Hii si imbwa ya kutembea peke yake. Iko ya kundi. Ya binti yangu Christiane ni bile bya kabati ya ndani, lakini hii ni yako."

Sudi alianza kuvikusanya kwa furaha, kisha akaacha. Huyu ni mtu aliyemnyima kitabu miaka sita. Akageuka, akayatazama makartoni ya koridoni, safari hii akayaona.

"Préfet, unaenda wapi?"

"Kinshasa. Christiane anasema hawezi kunifuata na dawa kutoka kule. Binti akisema, unafanya je? Avion ni mardi, kesho kutwa."

"Njo maana ulisema dimanche."

"Njo maana."

"Na utarudi wakati gani?"

Mzee alitengeneza blanketi. "Sudi, na umri huu mtu anaulizwaka vile?"

Hapo Sudi alikasirika kweli. Alichokuwa nacho kwa Amida, kwa Dan na kwa Mukuka kilikuwa hasira ya mazoezi. Alimkasirikia mzee kwa kukaa na jambo hili moyoni wiki nzima, alimkasirikia Christiane ambaye hajawahi kumwona, na alivikasirikia vile vitabu vitatu vilivyokamilika siku ambayo havikuwa na maana. Kwa nini mtu akae na seti nzima Kamalondo? Amsomee nani?

"Nikisema imbwa ya kusimama ni mvivu," aliuliza, "nani atanikatalia? Amida?"

Préfet alikuwa anatazama upande wa geti.

Sudi alichukua cha kwanza na cha tatu, akavifunga ndani ya kitenge, akakaza fundo. Cha pili akakirudisha magotini kwa mzee, juu ya blanketi.

"Hiki kinaenda Kinshasa."

"Mon cher, seti itaharibika tena."

"Iharibike. Bado sijamaliza kusoma. Nilifika pale kulungu anaingia mu mayi na imbwa yote inalia ku kando. Sijui kama anatoka. Utarudi nayo, nitaimaliza."

"Hii si kitu, nikuambie tu. Ule kulungu…"

"Préfet," Sudi alisema. "Usiniambie."

Mkono wa mzee ulibaki juu ya kitabu.

Nyumbani Amida alikuwa anangoja mlangoni. Aliona kitenge kina uzito ule ule, akamfuata hadi kwenye kabati. Sudi alirudisha cha kwanza, akaacha pengo, akaweka cha tatu. Mkewe alinyoosha mkono avisogeze vishikane, Sudi akauzuia.

"Alikusamehe?"

"Hana kitu ya kusamehe. Anahamia Kinshasa. Kitabu inaenda naye."

Amida alielewa zaidi ya alivyoambiwa, akakikunja kitenge. Wakati huo taa ya salon ikawaka, friji ikaanza kunguruma, na avenue nzima ikapiga yowe la furaha kutoka nyumba hadi nyumba.

"Courant imerudi," Amida alisema.

Sudi alitazama lile pengo, akafunga kioo cha kabati. "Moja," alisema. "Ingine bado."