Watu Watatu Kwenye Fomu

Habari ya nyumba ilimkuta Mama Kidoti kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akiwa na toroli zima la mashuka ya wodi ya wazazi linamsubiri. Jirani ndiye aliyepiga simu. Alisema ule ufa wa ukuta wa nyuma, waliokuwa wakiuziba kwa magazeti, umefunguka kutoka juu hadi chini. Watu wa manispaa wamekuja, wamepaka alama ya X nyekundu kwenye kila mlango, na wametoa saa mbili tu kila mpangaji awe ameondoa vyake.

"Umenisikia?" jirani akauliza.

"Nimekusikia."

Akakata simu, akamaliza toroli. Alikunja shuka moja moja, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa miaka tisa iliyopita, kisha ndipo akaenda kuomba ruhusa kwa msimamizi. Msimamizi alimtazama usoni akitafuta machozi, asiyaone, akadhani jambo lenyewe si kubwa. "Kesho uwahi," akamwambia.

Mtaani alimkuta mama mkwe wake ameketi kwenye kiti katikati ya njia, mkoba mapajani, anawaelekeza wanaume waliokuwa wakitoa vyombo. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na ushei na mdomo usio na breki. Walikuwa wakiishi pamoja tangu mwanawe, mume wa Mama Kidoti, aondoke kwenda kutafuta kazi mbali. Mwaka wa kwanza alipiga simu, wa pili akatuma salamu kwa watu, na wa tatu namba yake ikawa haipatikani. Mume kapotea, mama wa mume kabaki. Wanawake hao wawili hawakuwahi kukaa chini wakaulizana kwa nini bado wako pamoja. Waligombana juu ya sabuni, juu ya mafuta, juu ya nani kaacha mlango wazi, na siku zikaenda.

"Mke wa mwanangu," bibi akasema alipomwona, "watu hawa wamekuja na mkokoteni bila kamba. Hebu ona kabati langu linavyocheza."

Wanaume wale hawakuwa wa manispaa. Walikuwa watu wa Umoja wa Majirani, chama kidogo cha mtaa ambacho Mama Kidoti alikuwa akiipita ofisi yake kila siku, kama mtu anavyolipita duka la majeneza akijua halimhusu. Kidoti, bintiye wa miaka tisa, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa kidevuni mwake, alikuwa amekalia godoro lililokunjwa, bado yuko na sare za shule.

"Mama, leo tunalala wapi?"

"Tutajua."

Ofisi ya Umoja zamani ilikuwa duka la kinyozi, na vioo vitatu vikubwa vilikuwa bado vimebaki ukutani, kwa hiyo mtu akiingia kueleza shida yake ilimlazimu aieleze huku akijitazama. Nyuma ya meza alikaa muuguzi mstaafu aliyeitwa na mtaa mzima Mama Funguo, kwa lile furushi la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Zilikuwa funguo za ghala ambamo chama kiliwawekea watu vyombo vyao, na za nyumba za majirani waliojitolea kupokea watu.

"Miujiza hatuna," Mama Funguo akasema. "Tuna ghala, tuna majirani wenye nafasi, na tuna jengo moja tulilolikarabati, vyumba kumi na viwili, vyote vina familia. Kimoja kikiwa wazi, mtu anaingia, anakaa mwaka, anajipanga. Kwa sasa itabidi tuwagawe. Wewe na mtoto mtakuja kwangu, sebuleni. Bibi atakwenda kwa fundi saa na mkewe. Chumba chao hakina ngazi."

"Mnatugawa kama kuku," bibi akasema.

"Kama wageni, mama."

"Mgeni anajua siku yake ya kuondoka."

Mama Funguo akavuta karatasi. Akaandika. Mama Kidoti alimwona mwanamke wa kwenye kioo akiitikia kwa kichwa kila alipoulizwa jambo. Hakumhurumia wala hakumchukia yule mwanamke. Alimwona tu.

Siku zikaanza kufanana. Asubuhi alikunja blanketi, akalisukuma nyuma ya kochi la Mama Funguo, akampeleka Kidoti shule, akaenda kufua. Watu walimpa pole akazipokea zote kwa neno moja, asante, kama anayepokea risiti. Wenzake kazini walimsifu kwamba amejikaza kisabuni. Hakuwa amejikaza. Mwili ulikuwa umekufa ganzi na kazi ilikuwa ikifanyika yenyewe. Siku moja mvuke wa mashine ulimbabua mkono, na alijua pale tu mwenzake alipomshika na kumvuta kwenye bomba la maji.

"Huumii?"

"Nadhani naumia," akasema, akiutazama mkono.

Kila alipotoka kazini alimpitisha Kidoti kwa fundi saa kumwona bibi. Fundi saa na mkewe walikuwa watu wapole kupita kiasi. Walimpa bibi kitanda cha karibu na dirisha, walimwekea maji ya kuoga ya moto, na kila alichosema walikubali. Wiki ya kwanza alilalamika kidogo. "Watu gani hawa, huwezi hata kuwagombeza. Unatupa neno, linaanguka kwenye pamba." Wiki ya pili alisema saa za ukutani zinamkera, kila moja inakwenda na wakati wake. Wiki ya nne hakulalamika. Kidoti alimtania kama kawaida yao, akimwita mke mwenza, na bibi akatabasamu upande mmoja wa mdomo tu, akageukia ukuta.

"Hali chakula vizuri," mke wa fundi saa alimnong'oneza Mama Kidoti mlangoni. "Anasema kizuri, halafu anakiacha."

Mama Kidoti alisikia. Moyo haukushtuka. Lakini njiani aligundua kwamba wameipita nyumba ya Mama Funguo na kufika mbali sana, na Kidoti alikuwa akimvuta gauni muda mrefu akimwambia warudi.

Katikati ya mwezi wa pili tangu wagawanywe, chumba kikawa wazi. Mama Funguo alimwita ofisini, akamwekea fomu na kalamu.

"Nitakwambia ukweli wote, usije ukasema sikukwambia. Chumba ni kimoja, kidogo, cha mama na mtoto. Masharti ya jengo ni hayo, tulisaini na manispaa. Watu wazima wawili na mtoto hawaingii humo. Bibi nimemtafutia nafasi kwenye makao ya wazee. Nimekwenda mwenyewe, nimefunua mashuka, nimeonja uji. Ni pasafi. Ni mbali kidogo, lakini ni pasafi."

"Nikisema siwezi?"

"Chumba kinakwenda kwa wa pili kwenye orodha. Ana mapacha. Na sijui kingine kitapatikana lini. Huenda miezi." Kisha akaongeza taratibu, "Si mama yako wa kuzaa. Hakuna atakayekulaumu."

Hilo lilikuwa kweli. Mama Kidoti alijaribu kutafuta ndani yake huruma kwa mzee yule, hakuiona. Akatafuta upendo, hakuuona pia. Palikuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Akashika kalamu. Penye idadi ya wanafamilia akaandika tatu.

Mama Funguo akaigeuza fomu, akaisoma, akaigeuza tena.

"Una hakika?"

"Tulitoka watu watatu."

"Chumba kinapita, Mama Kidoti."

"Kipite."

Alipompasha habari bibi jioni ile, alimwambia kwa maneno machache, bila kujisifu, kwa kuwa hakuona cha kujisifia. Bibi alikuwa amelala. Akainuka, akaweka miguu chini.

"Umekataa chumba?"

"Ndiyo, mama."

"Chumba chenye mlango na kufuli?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu mimi?"

"Sijui kwa ajili ya nini."

"Mjinga wewe," bibi akasema. "Mtoto analala nyuma ya kochi la watu, na wewe unachagua. Mwanangu alioa mwanamke asiye na akili, nilimwambia tangu siku ya kwanza." Aliendelea hivyo robo saa nzima, hadi mke wa fundi saa akachungulia mlangoni, sahani mkononi, na bibi akampokonya sahani ile huku akiendelea kugombeza, akala chote kilichokuwamo.

Zikapita wiki tisa nyingine. Familia ya mapacha iliingia kwenye chumba kile. Kidoti alipata kikohozi kwa kulala sebuleni, akapona. Mama Funguo alikuwa mkali kwao siku mbili tatu, kisha akaanza kutoka mchana bila kusema anakokwenda. Siku moja alirudi viatu vimejaa vumbi la unga, akasema mwenye kiwanda cha mikate amekubali kukipa chama stoo mbili za nyuma ya jengo lake, ilimradi chama kizitengeneze. Mlango wa katikati utatobolewa. Choo kitavutwa bomba.

Wanaume wa Umoja walifanya kazi kila Jumamosi. Mama Kidoti alikuja nao, akakwangua kuta kwa kisu kipana hadi viganja vikachubuka, asiongee na mtu. Fundi saa, aliyezoea skrubu ndogo kama mbegu, alipewa kazi ya bawaba, na mlango wake wa kwanza ulifunguka kuelekea upande usiotakiwa. Bibi aliletewa kiti. Akaongoza kazi yote kutoka pale, na hakuna aliyemtii.

Walihamia Jumapili, saa nne asubuhi. Mama Funguo alichomoa ufunguo mmoja kutoka kwenye furushi lake, akaushikisha mkononi mwa Mama Kidoti, akamtazama.

"Umefurahi?"

"Bado," Mama Kidoti akasema, kwa sababu hakuweza kudanganya. "Naona ni pazuri. Naona tu."

"Mimi ilinichukua karibu mwaka," Mama Funguo akasema. "Nilikaa kwa watu na watoto wanne. Nilipopewa chumba nililala siku mbili, nikaamka nikaenda kazini, basi." Akamgusa bega, akaondoka, kwa kuwa palikuwa na familia nyingine inamngoja ofisini.

Ndani, kuta zilinukia chokaa na mkate. Mama Kidoti alikiburuta kitanda chake hadi chumba cha nyuma, akatandika, akatoka kwenda kuchota maji. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimehamishwa. Kilikuwa karibu na mlango wa mbele, kimepinda, na bibi na Kidoti walikuwa wamekikalia wanahema.

"Nani kakitoa kule?"

"Mimi," bibi akasema. "Mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini halali chumba cha nyuma. Utatukanyaga."

"Mama, nimekiweka pale kwa mikono yangu."

"Na mimi nimekitoa kwa yangu."

Mama Kidoti aliweka ndoo chini. Kitu cha moto kilimpanda kifuani, kikafika shingoni, kikafika masikioni, na ilimchukua muda kukitambua. Alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika hasa, mkono ulioungua unawasha, mgongo unauma, njaa inamkata.

"Nakirudisha," akasema.

"Rudisha tuone," bibi akasema, akajikalisha vizuri zaidi.

Akashika chaga ya kitanda, bibi juu yake, akaanza kuvuta.