Mwakilishi wa Mheshimiwa

Kwa miaka kumi na mitano nimezika watu kwa niaba ya mtu mwingine. Naitwa Rhoda, katibu wa Mbunge, na ofisi yangu hasa haikuwa ile ya mjini Shinyanga yenye bendera na kalenda ukutani. Ofisi yangu ilikuwa misibani. Nilipanda bodaboda alfajiri, tukapita kwenye ukungu uliolala juu ya majaruba ya mpunga, nikashuka penye kilio, nikafunga kanga kiunoni na kushika ndoo. Misiba ilikuwa mingi hata ikaingiliana. Kuna mingine mpaka leo sijui kama niliihudhuria au niliiota tu.

Kwetu Usukumani msiba hauhudhuriwi kwa bahasha. Kila nyumba hutoa mtu: wanaume wachimbe kaburi, wanawake walete kuni na maji. Nyumba isiyotoa mtu huachwa. Hakuna matusi wala ugomvi; siku ikifiwa, majirani watabaki kwao wakipukuchua mahindi, na kilio watakisikia kama wanavyosikia redio ya jirani. Mfiwa atachimba mwenyewe. Na mtu kumchimbia mama yake kaburi peke yake, huku kwetu, ni aibu ambayo hata wajukuu wataikuta.

Mageni, huyo Mbunge wangu, alilijua hilo kuliko mimi, maana ndilo lililompa ubunge. Kabla ya siasa alichimba dhahabu Geita miaka minane, kwenye yale mashimo tunayoyaita maduara. Mwaka ule wa kwanza wa kampeni, gari lake la matangazo lilipita kijijini kwao likakuta watu wanahangaika na kaburi. Ardhi ilikuwa kavu, majembe yanadunda. Mageni akazima spika, akavua shati lake jeupe, akaomba sururu na kuteremka. Alipotoka, kaburi lilikuwa na kuta zilizonyooka na pembe kali, kazi ya mtu aliyezoea kuishi chini ya ardhi. Hakusema neno hata moja kuhusu kura. Alishinda kwa kishindo.

Mwaka wa kwanza alikuja kuzika. Wa pili alikuja mara mojamoja. Baada ya hapo zikawa zinakuja bahasha, na mimi nyuma yake. Nilipomwambia kwamba watu wanamuulizia, alinijibu kwa upole, maana ni mtu mpole, na hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

"Rhoda, wao wamenituma niwawakilishe Dodoma. Mimi nakutuma uniwakilishe kwao. Kosa liko wapi?"

Nililitafuta kosa, sikuliona. Basi nikaendelea kusema kwenye kila msiba kwamba Mheshimiwa anawapa pole, nao wakajibu wamepokea. Nikirudi nilimwambia wamemsalimia sana. Huo ulikuwa uongo wangu, na niliukuza kama mtu anavyofuga kuku, kidogo kidogo, mpaka ukajaa ua.

Aliwahi kunisimulia kwamba mijadala ya Bunge ikirefuka humchukua usingizi, na ndani ya usingizi husikia sururu ikigonga ardhi. Anachimba, anachimba, shimo haliongezeki kina. Akigutuka, wenzake wanapiga meza, naye anapiga meza pamoja nao bila kujua limepitishwa nini. Alicheka aliposimulia. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki ileile mama yake, Bibi Limi, alikuwa ameniambia anamwota mwanawe kijijini, kifua wazi, anachimba, na yeye amesimama ukingoni anamwita aje ale.

Bibi Limi alifariki mwezi wa saba, hospitalini Kolandoto, siku kumi kabla ya kura za maoni za chama. Mageni alikuja mbio kutoka Dodoma. Tulipofika kijijini kulikuwa na maturubai matatu, viti mia tatu, spika na wapishi, vyote vimetoka mjini. Viongozi wa chama walikaa mstari wa mbele wakichezea simu. Hakukuwa na mtu mwingine.

Saa nne ikafika. Vumbi la kiangazi lilining'inia hewani, na jua likalipaka rangi ya dhahabu, hata boma lote likaonekana kama kitu kinachokumbukwa badala ya kuonwa. Moshi ulipanda taratibu kutoka jikoni kwa majirani. Hakuna aliyekuja.

"Nenda kwa Mama Generosa," Mageni aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Generosa ndiye anayepanga kazi za misiba kijijini: nani kuni, nani maji, nani ajiandae na sururu. Nilimkuta ukumbini akimenya karanga. Nilipiga goti, nikamwamkia mwangaluka, akaitikia bila haraka, akaniuliza habari za wanangu wote mmoja mmoja. Ndipo nikamwambia kwamba Mheshimiwa amefiwa na mama yake na hakuna watu.

Akasema Mheshimiwa anamsikia redioni, lakini msibani hamjui. Nikasema nilikuwa nikija mimi, kwa niaba yake.

"Ulikuja wewe," alisema. "Mume wangu alipokufa ulilala hapa siku tatu, na mgongo wako ndio uliobeba maji. Pole haiwi ya mtu ambaye hayupo, mwanangu. Rudi kakae."

Hakusema kama watakuja au la. Nilirudi nikipita kwenye mabua makavu, nikijilaumu kwa kila salamu niliyoitunga kwa miaka yote hiyo.

Nilimkuta Mageni amesimama kando ya kaburi la baba yake, sururu mkononi. Mmoja wa viongozi alikuwa amemshauri waagize vibarua kutoka mjini. Alikataa, akisema mama yake hazikwi na vibarua. Alikuwa bado na koti jeusi. Aliinua sururu, akaishusha, na mlio ule ukanitoboa kwa sababu nilijua alikwisha kuusikia usingizini.

Alipoiinua mara ya pili, wakatokea. Walikuja kutoka kwenye vumbi bila kelele, wanawake mbele na ndoo vichwani, wanaume nyuma na majembe begani. Nilitaka kulia kwa furaha. Mageni akaweka sururu chini, akatengeneza koti, akaja akasimama kando ya mkeka wa wafiwa, ambako nilikuwa nimekwisha kuketi kumlindia nafasi.

Generosa akampita. Akaja mbele yangu, akapiga goti.

"Pole kwa msiba, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, kana kwamba ni mama yangu aliyekufa.

Wakaja wote nyuma yake, mmoja mmoja, wakainama kwangu. Kila mmoja alitaja msiba wake: siku ya baba yangu ulikuwepo, siku ya mtoto wangu ulikuwepo. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilisikia utamu. Kisha aibu ikaniwaka usoni, kwa sababu Mageni alikuwa amesimama palepale, mkono wake umenyooshwa kupokea pole, na hakuna aliyeushika.

"Mfiwa tumeshampa pole," Generosa alimwambia, bila ukali. "Wanaume wanaenda kuchimba. Nenda nao."

Mageni alinitazama. Ningeweza kusimama nikampa mkeka. Ulikuwa wake kwa kila haki ya damu. Lakini watu hawa walikuja kwangu. Nikisimama wataondoka, na Bibi Limi atabaki kwenye jeneza chini ya turubai la kukodi. Nikabaki nimeketi. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kukaa pale.

Akavua koti, halafu shati. Akaenda na wenzake.

Kura za maoni alishindwa vibaya wiki iliyofuata, na magazeti yaliandika sababu nyingi. Mimi nikikumbuka anguko lake nakumbuka alasiri ile, mlio wa sururu ukipokezana na majembe, na jinsi ulivyoshuka kidogo kidogo mpaka ukawa unatoka mbali chini ya ardhi. Wenzake walipanda kupumzika wakateremka tena. Yeye hakupanda. Kuna wakati sururu ilinyamaza tukasikia analia mle chini, na wanaume waliokuwa ukingoni wakageuza nyuso, wakamwacha amalize. Kaburi lilitoka na kuta zilizonyooka na pembe kali. Tukamzika Bibi Limi jua likiwa bado lipo.

Baada ya mazishi wachimbaji walipanga mstari kunawa, naye akasimama wa mwisho, kifua kimejaa udongo. Generosa alikuwa akiwamiminia maji kwa kata. Ilipofika zamu yake alimmiminia polepole, mpaka udongo ukamwisha kwenye vidole.

"Haya," alimwambia. "Sasa umezika mmoja."