Shikamoo ya Taa ya Kijani

Mimi, Kibwana wa Visiga, sijawahi kutengeneza kitu kikaganda. Mashine za wenzangu zinaganda kama ugali wa jana. Yangu ikizubaa inajiamsha yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyomwambia shangazi Mwanamkuu wa Mzenga alipopanga mayai ya kuku wake wa kuchi kwenye mashine yangu ya kutotolesha vifaranga. Yalikuwa ya mwisho. Jogoo mwenyewe alishaliwa na kicheche, kwa hiyo ukoo mzima wa marehemu ulikuwa mikononi mwangu.

Siri ya kujiamsha ni kisaa kidogo ndani ya saketi. Mfano wake babu mkali: programu lazima impe shikamoo kila baada ya muda mfupi. Ikikaa kimya, anajua imeganda, anaizima na kuiwasha upya. Sasa kwenye majaribio kipimajoto kilikuwa kizito kujibu, shikamoo ikawa inachelewa, babu naye akaizimazima mashine hovyo. Badala ya kumwongezea babu subira, mimi mjanja nikaikabidhi shikamoo kwa kile kipande cha programu kinachowashawasha taa ya kijani, ambacho hujiendea chenyewe bila kungoja kipimajoto. Babu akatulia. Nikajiita injinia.

Jumatano shangazi akapiga simu.

"Kibwana, njoo. Mayai yamepoa."

"Shikamoo shangazi. Taa inawaka?"

"Inakonyeza kama tapeli."

Nilifika Mzenga jasho likinitoka. Kioo cha mashine kinasema joto safi. Ndani baridi, na mayai hayamo. Programu ilikuwa imeganda, hita haiwashwi, lakini taa inaendelea kuamkia: shikamoo, shikamoo. Babu anaitika marahaba, anasinzia. Ni kama mtoto aliyetumwa maji: kila akipita anakuamkia, na ndoo tupu!

Nikaigeuza laptop ielekee ukutani shangazi asione, nikairudisha shikamoo mahali pake: pima joto, washa hita, ndipo uamkie. Na babu nikamwongezea subira.

"Mayai yako wapi, shangazi?"

"Kwa tetea wa Saburi, yule wa mashine ya kusaga unga. Tetea hana programu. Haya, mashine yako ilikuwaje?"

"Umeme, shangazi. Ulikatika asubuhi nzima. Mashine haina kosa."

Hapo hapo Saburi akaingia, unga umemjaa hadi kope.

"Mama, tetea kayakubali, kayalalia." Akanigeukia. "Umeme upi huo uliokatika, bwana mdogo? Mie nasaga tangu alfajiri, hata uso sijanawa."

Shangazi akanitazama.

"Kibwana."

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitika.