Mgeni wa Sinema na Gunia la Lumbesa

Alhamisi saa nane mchana, wanawake wa kikundi cha wakulima wa mpunga waliingia kwenye banda la video la Sedekia, pale Rujewa, kila mmoja na kibakuli cha mchele cha kulipia kiingilio. Sedekia aliumimina mchele kwenye ndoo, akafunga mlango ili mwanga usiharibu picha, akashika maiki yake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, papo hapo, kutoka lugha ambazo hakujua hata moja. Watu walimwamini, maana hakuna mhusika aliyewahi kutoka kwenye luninga kumkanusha.

"Leo hutafsiri," Ikupa alimwambia.

"Sasa mtaelewaje?"

"Tumekuja kuangalia wanavyopatana. Maneno yako yatatuchanganya. Wewe tuwekee tu, kaka."

Sedekia alinuna, akaweka.

Ikupa alikuwa mwenyekiti wa kikundi, Mnyakyusa aliyeolewa Rujewa, mtu wa kusema jambo likiwa bado la moto. Kila mavuno alikuja mnunuzi kutoka Iringa, Faustina, na kila mavuno Faustina alinunua kwa lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kichwa juu yake, na kichwa kinafungwa kwa kamba kisimwagike. Bei ilikuwa ya gunia. Kichwa kilikwenda bure. Sheria inakataza lumbesa, na watu wote Rujewa waliijua sheria hiyo, kama unavyomjua ndugu anayeishi mbali. Kikundi kilikuwa hata na mizani ghalani. Kuku walitagia juu yake.

Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa ameshuka kutoka Iringa kuwapa semina. Alisema kila jamii ina namna yake ya kupatana, na kwamba mtu anaweza kujifunza namna za wengine kwa kutazama filamu. Halafu soda zikagawiwa, mwalimu akaondoka. Wengine walikumbuka soda. Ikupa alikumbuka filamu, akaapa kwamba mwaka huu Faustina atapima kwa mizani, liwalo na liwe.

Basi wakatazama. Walitazama Wahindi wakipatana huku wanalia, Wazungu wakipatana huku wanapiga meza.

"Hawa watu mbona hawasalimianagi?" Devotha, jirani yake Ikupa, aliuliza. "Wanaingia tu na shida zao."

"Usiangalie salamu. Angalia mikono."

Kwa juma zima la kutazama Ikupa aliokota masomo mawili. La kwanza: sema neno lako moja, kisha funga mdomo; mwenzako atatoka jasho. La pili: mambo yakikwama, simama uondoke, utaitwa.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya nchi ya mbali huko mashariki, ambako nao wanalima mpunga. Mama mmoja wa makamo, kibakuli mkononi, alikaa mezani na wanaume watatu wa suti nyeusi. Alisema sentensi moja fupi, akanyamaza. Wanaume walianza kujifuta shingo. Hapo umeme ukakatika.

Uliporudi, mama yule alikuwa amesimama kando ya luninga na kibakuli chake, na ndani ya luninga kiti chake kilikuwa kitupu. Wanaume wa suti walikitazama kiti, wakatazama saa zao. Sedekia aliisimamisha filamu ili wasichoke kusubiri.

"Umekula, mama?" Devotha akamuuliza mgeni. Ilionekana hajala. Wakampa wali na samaki, na jioni akaenda kukaa kwa Ikupa, kwa kuwa Ikupa ndiye aliyekuwa na kitanda cha ziada.

Mgeni hakuwa na mgongo. Kwenye filamu alikuwa amepigwa picha kwa mbele tu, kwa hiyo ukimpita kwa nyuma uliona ukuta. Devotha alimpa kitenge cha kujifunika, na neno hilo likaisha. Jambo lake lingine lilikuwa kwamba alichokikazia macho kilionekana kikubwa, na si kwake tu. Siku moja alitazama punje ya mpunga kiganjani, na wote waliokuwa uani wakaiona punje ile ikiwa na ukubwa wa mbuzi aliyelala, na manyoya yake yote. Ikupa alimwomba awe anatazama vitu vikubwa nje ya nyumba.

Faustina alifika ghalani na lori na wapakiaji wawili. Alikuwa mwanamke mpole, Mhehe wa Iringa mjini, na upole huo ndio uliokuwa hatari yake. Alisalimia kila mtu, "Kamwene, kamwene," akaulizia wagonjwa kwa majina, akaulizia mvua, akapokea uji kwa mikono miwili. Miaka yote, salamu zilipokwisha, nusu ya magunia yalikuwa yameshajazwa. Na nani atamkatiza mtu anayemuulizia mama yake?

Safari hii Ikupa alimkatiza. "Dada Faustina, mwaka huu tunapima kwa mizani. Lumbesa basi."

Akafunga mdomo.

Faustina naye akafunga wake. Wanawake walisubiri atoke jasho. Lakini Faustina alikulia kwenye nyumba ambamo posa ilijibiwa kwa kimya, na mshenga alirudi mara ya pili na ya tatu ndipo akaambiwa lolote. Kwake kimya kilikuwa adabu, tena alifurahi kwamba hatimaye Ikupa ameanza kuwa na adabu. Alikunywa uji polepole. Kuku alishuka kwenye mizani akaenda zake. Aliyetoka jasho alikuwa Devotha.

"Mama yako mguu unaendeleaje?" Faustina akauliza.

Ikupa aliona wakati wa somo la pili umefika. Akasimama, na wanawake wote wakasimama. Wakatoka kwa mstari, vichwa juu, mpaka kwenye mfereji wa maji, wakalipa ghala kisogo na kusubiri kuitwa.

Watu wa kwenye filamu walikuwa wakiondoka kwenye ofisi za wenzao, mikoba mikononi. Hawa waliondoka kwenye ghala lao wenyewe, wakamwachia mnunuzi mpunga. Na kwa Faustina, kama kwa yeyote aliyelelewa huko milimani kwao, mwenyeji akikuandalia chakula halafu akatoka, amekupa nafasi ule kwa raha. Kumwita arudi ni kumsumbua. Hakuita. Aliwageukia wapakiaji, akasema kwa heshima kabisa, "Wenyewe wametupisha. Jazeni."

Mgeni wa sinema, aliyekuwa amekuja ghalani na Ikupa, hakuwa ametoka. Kwenye filamu yake hakuna aliyeinuka mezani, na yeye alibaki ameketi pale pale. Akalikazia macho gunia la kwanza.

Gunia likaonekana juu ya paa la ghala, pana kuliko ghala lenyewe. Lilionekana kutoka mferejini, lilionekana sokoni, lilionekana mpaka barabara kuu. Goti la mpakiaji, pana kama kitanda, lilishindilia mpunga. Mpunga ukaongezwa, goti likarudi, mdomo wa gunia ukapotea, kichwa kikaumuka juu yake na kamba zikakibana. Kwenye ukubwa ule hapakuwa na cha kubishania. Kila mtu aliona gunia lilipoishia na wizi ulipoanzia.

Bwana shamba wa kata alisimamisha pikipiki mbele ya duka.

"Hiyo ni lumbesa," alisema.

"Ni lumbesa," mwenye duka alijibu.

"Imekatazwa."

"Imekatazwa, mzee."

Bwana shamba akatikisa kichwa, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Ikupa alirudi mbio. Alimkuta Faustina naye ameinua uso kulitazama gunia.

"Unaniona mwizi," Faustina alisema, na sauti yake haikupanda. "Na mimi kule ninakouza napimiwa hivi hivi. Gunia lisilo na kichwa hawaligusi. Nikikupimia wewe kwa mizani, mimi atanipimia nani?"

"Hilo si jibu."

"Si jibu," Faustina alikubali. "Jazeni, vijana."

Ikupa alikaa sakafuni, akalia kwa hasira, na hakuna aliyejifanya haoni. Paa la ghala lilivuja, mvua zilikaribia, na lori lilikuwa hilo moja. Devotha aliuza. Wengine wakauza. Ikupa aliuza wa mwisho, na wakati wote huo alimtazama Faustina usoni.

Mgeni hakurudi kwenye luninga. Kikundi kilimpa kipande cha shamba karibu na mfereji, na alilima vizuri, akiinama na kitenge chake mgongoni. Ilipokuwa siku ya soko, kama kulikuwa na magunia ya kupakiwa, aliyatazama, nayo yakapanda juu ya paa kama kawaida. Yalitupa kivuli kizuri. Mama lishe walihamishia meza zao humo, na wateja walikula wakiwa wameelekeza nyuso kwenye lumbesa.

Mwaka uliofuata mgeni alivuna mpunga wake wa kwanza: gunia moja, na debe moja pembeni la kula nyumbani. Faustina alipokuja na lori lake, Ikupa alimpeleka mgeni ghalani mwenyewe. Salamu zote zilitolewa, wagonjwa wote wakauliziwa. Kisha Ikupa alisema neno lake lile lile kuhusu mizani, na safari hii hakuinuka hata wapakiaji walipompita na kamba zao. Alibaki kwenye kiti katikati ya mlango, ikabidi wamzunguke.

Mpakiaji alitia goti kwenye gunia la mgeni. Kichwa kilikuwa bado kidogo. Alitazama huku na huku, akaliona lile debe, akalimimina lote juu na kufunga kamba.

Ikupa aliokota debe tupu. "Twende kwangu tukale, mama," alimwambia mgeni. "Chakula kipo. Mwakani tutakaa hapa hapa."

Tangu alipofika Rujewa, mgeni hakuwa amesema neno ambalo mtu alilielewa. Alikwenda akasimama mbele ya Faustina, karibu kabisa.

"Kwa mizani," alisema, kwa lafudhi ya Kinyakyusa.

"Ndiyo, mama," Faustina alimjibu kwa upole, akampisha, na wapakiaji wakalipandisha gunia lake, na kichwa chake, kwenye lori.