Damu ya Mkwe

Baba yangu aliuza kanga na mashuka mjini Kahama, na hakuona kwa nini binti yake ahangaike na vidonda vya watu. Nilipomwambia nataka udaktari alicheka mpaka chai ikampalia. Lakini likizo ya Juni ya mwaka sabini na nne, nikiwa kidato cha tano, mwalimu wangu aliniombea nafasi ya kujifunza kazi katika hospitali moja ya misheni nje ya mji. Baba akakubali, kwa sharti kwamba nikitapika nirudi dukani. Sikutapika ng'o! Nilichemsha mabomba ya sindano, nikabeba mabeseni, nikapima homa, na Daktari Donatus akawa ananiita "daktari mdogo" kila anapotaka kunitania.

Asubuhi moja mkokoteni wa ng'ombe ulisimama mlangoni. Ndani yake alilala Mama Klara, mimba imeharibika na damu haikatiki. Bintiye, Klara, alikuwa amempakata kichwa, naye mwenyewe mjamzito. Aliyeswaga ng'ombe ni Masele, mume wa Klara. Tulipomshusha mgonjwa, Masele alikwenda kukaa nyuma ya ukuta wa wodi.

"Kaka, mbona huingii?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu niliyemtukana. "Mle yumo mama mkwe wangu, dada."

Mimi ni mtoto wa mjini, lakini hilo nililijua. Kwa Wasukuma wa vijiji vile, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe.

Daktari alimsafisha mama yule, damu ikakatika. Ila iliyobaki mwilini ilikuwa kidogo mno, viganja vyake vyeupe kama unga wa muhogo. "Asipoongezewa damu leo," daktari alisema, "kesho hatuko naye."

Tukaanza kupimana damu, kuona ya nani inaoana na yake. Yangu ikakataa. Ya Sista Euphrasia, muuguzi wetu, ikakataa, na za wafanyakazi wengine vilevile. Klara ni mjamzito, daktari hakutaka hata kumgusa. Mume wa mgonjwa alikuwa machimboni huko Geita, hajulikani yuko shimo gani. Akabaki Masele. Alinyoosha mkono bila kuuliza itauma kiasi gani, na yake ikakubali. Jamani, nilirukaruka pale maabara kama mwendawazimu!

Daktari alipofika kitandani na chupa, Mama Klara alifumbua macho. "Ya nani hiyo?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni yangu. Wallahi ningedanganya mchana kweupe! Daktari akaniwahi. "Ya mkweo Masele, mama."

Mama Klara akauficha mkono wake chini ya mgongo. "Iondoeni."

"Mayu, hii ni dawa tu," Sista Euphrasia alimbembeleza, akimwita mama kwa Kisukuma, kwani naye alikuwa Msukuma.

"Si dawa, imetoka kwa mtu. Ikiingia ndani yangu, mimi na Masele tutakuwa damu moja. Atakuwa mwanangu. Na Klara ni mwanangu. Nitawaachaje wanangu walale kitanda kimoja?"

Sista akamrekebishia shuka. Baadaye aliniambia, "Wazee wetu hawakuijua chupa ya damu, Zuwena. Hakuna aliyetuachia jibu."

Mimi hasira zilinipanda. Nikamfuata daktari barazani. "Ungemwambia ni yangu!"

"Ameniuliza, nimemjibu. Mwili ni wake."

"Mwili wake unakufa!"

"Najua," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikumwelewa, na mpaka leo tukikutana tunabishana jambo hilohilo.

Klara alikuwa amesikia kila neno la mama yake. Alitoka taratibu, akazunguka nyuma ya ukuta alikokaa mumewe. Nikamfuata, kwa kimbelembele changu, na hakuna aliyenifukuza.

"Amekataa," Klara alisema.

"Nilijua atakataa," Masele akajibu. "Nilijua hata nilipokuwa natoa."

"Sasa kwa nini ulitoa?"

"Nikae tu hapa, mama yako afe, halafu turudi nyumbani tule? Ungenitazamaje?"

Klara akaweka mkono tumboni. "Na huyu?"

Masele alichimba udongo kwa kidole. "Nitakuwa mjomba wake," akasema mwishowe. "Mjomba naye hulea."

Nilitaka kuwapigia kelele. Nilitaka kuwaambia kwamba damu ni maji na chumvi na vijidude vyekundu, nimesoma, nimeviona kwenye hadubini. Lakini wale walikuwa wanapendana, yalionekana hayo hata kwa kipofu, na mimi na vijidude vyangu hatukuwa na nafasi kati yao. Nikaumia moyo kweli.

Klara alirudi wodini, akapiga magoti kando ya kitanda. "Pokea, mama. Mimi na Masele tumeachana."

"Lini?"

"Sasa hivi, hapo nje."

Mama Klara alimtazama mwanawe, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umenifanyia nini?" Kisha akautoa mkono wake chini ya mgongo. Daktari Donatus alitundika chupa, mimi nikashikilia taa karibu na mshipa, na hakuna aliyenitania siku ile.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa, Masele aliingia kwa mlango wa wodi, hakuinamisha uso wala hakugeuka. Mama Klara alikuwa ameketi kitandani. Alimvuta karibu, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema. "Mzuri hivi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Klara alikuwa dirishani akifunga nguo za mama yake kwenye kanga. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Hatimaye akaunyanyua mzigo ule, tumbo likamlemea, akamgeukia Masele.

"Nipokee mzigo, kaka," alisema.

Masele akaupokea, akatangulia nje.