Taji la Noeli Mlangoni kwa Jokébed

Jokébed alikuwa ameipiga ile namba mpaka kidole kikachoka, na kila mara mashine ilimjibu kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Mdogo wake, Bénite, alikuwa ametoka Oicha alfajiri na watoto wake wawili, waje kula Noeli Butembo. Walipofika Beni alituma ujumbe mmoja tu: tumepata gari, tunakuja. Tangu hapo kimya. Na barabara ile kila mtu anaijua. Siku nyingine inakupitisha kama mgeni wa heshima, siku nyingine waasi wanatoka msituni, inakumeza.

"Kaa chini, we mutoto," alisema mama yake, mzee Maliro, aliyekuwa anaota moto kwenye jiko la makaa. "Toka asubui uko naingia, uko natoka. Utanipa kizunguzungu."

"Niko nakaa, mama."

Hakukaa. Aliufagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akahamisha viti, akavirudisha. Mwishowe akakumbuka mataji ya Noeli aliyoyaona yametundikwa kwenye maduka ya mjini, ya plastiki, kijani kibichi, bei yake ikitosha kulisha nyumba nzima sikukuu yote. Noeli iliyopita wanawe Bénite waliila ndani ya darasa, pamoja na wakimbizi wengine. Safari hii alitaka wafike mlangoni na kujua kwamba hapa kuna sikukuu. Tena mikono yake ilitaka kazi.

Akaung'oa waya wa kuanikia nguo, nguo zikabaki zimelala juu ya majani, akaukunja mara kadhaa hadi ukawa duara. Ua wake ulikuwa wa misipresi. Akakata matawi kwa mkasi wake wa ushonaji, mkasi ambao siku nyingine asingemruhusu mtu aukatie hata karatasi, akayafunga kwenye waya kwa kamba za mgomba. Kila pikipiki iliyopanda kilima ilimsimamisha. Aliporudi kuketi, matawi yalikuwa yamelegea, naye akaanza upya. Duara likapinda kama kinywa cha mtu mwenye jino bovu. Akalifungua, akalifunga tena kwa nguvu mpaka waya ukamkata kidole. Akachomeka vitunda vikavu vya mkaratusi. Katika kapu la cherehani alikuta vipande vya vitambaa vilivyobaki alipowashonea waimbaji wa parokia, vyeupe na vya zambarau. Akavikunja vikawa maua, akavishona kuzunguka taji lote.

Alilitundika kwenye msumari wa mlango, akarudi nyuma hatua chache kulitazama. Lilikuwa zuri. Kwa kitambo kidogo moyo ukatulia, kisha akaenda nyuma ya jikoni kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Hakusikia mtu akibisha hodi. Aliporudi mbele, mchi ungali mkononi, alimkuta Mama Grady, jirani wa ng'ambo ya njia, ameketi chini, viatu amevua, kitenge amekifunga kiunoni. Kando yake alikuwa Nadège, mwalimu wa shule ya msingi. Wanawake wengine walikuwa wanaingia mmoja mmoja, bila salamu. Mmoja alitua mzigo wa kuni, mwingine bakuli la maharagwe. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Jokébed akatazama kuni, akatazama bakuli. Hivyo ndivyo watu wanavyoingia penye msiba. Wamesikia, alijisemea. Wamesikia kabla yangu.

"Semeni," alisema.

Mama Grady akamshika mkono. "Pole, mama. Mungu njo anajua."

"Anajua nini? Ni Bénite? Ni batoto?"

"Donc basi ni Bénite," Mama Grady alisema polepole, akaziba mdomo kwa kiganja.

Basi Nadège akaanza kulia, na wengine wakampokea. Mchi ukamtoka Jokébed mkononi. Alianguka akalia kwa sauti asiyoijua kuwa yake, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, akipiga ardhi kwa viganja.

Mzee Maliro akatoka ndani akijishika ukutani, miguu yake ikiwa haimbebi vizuri siku hizo. Aliwatazama wote. Machozi yalimjaa, lakini hakuyaachia.

"Nani amewaletea habari?"

Kilio kikapungua.

"Nauliza. Nani?"

"Mama, hapana mutu," alijibu Mama Grady. "Sisi tumeona kuronne, ile taji, kwa mulango, na maua ya violet. Tulijua Bénite iko mu njia. Tukasema, hawa bamepata habari."

Maliro akageuka, akaliona taji kwa mara ya kwanza. "Jokébed. Ni weye umetundika ile?"

"Ni ya Noeli, mama."

"Ya Noeli. Ile ya kanisa inalala kwa meza, na mishumaa. Yenye kusimama hivi, na maua ya rangi hii, tunapelekaka ku makaburi."

Hakuna aliyecheka. Nadège alitaka, akakimeza kicheko. Jokébed aliinuka kulirarua lile taji, lakini Mama Grady akawahi kulishusha, akalilaza juu ya kiti bila kulivunja.

"Mais habari yake hamuna?" aliuliza.

"Hatuna."

"Basi hatutoki. Tulikuja kulia, sasa tutangoja."

Wakainjika maharagwe kwa kuni walizozileta. Jokébed alitembea kutoka ua hadi mlango, kutoka mlango hadi ua, na safari hii hakuna aliyemwambia akae.

Jua lilikuwa linashuka pikipiki mbili zilipopanda kilima. Bénite aliruka kabla ya ile yake kusimama. Alikuwa ameona wanawake chini, kuni, na chungu kikubwa juu ya moto.

"Mama," alisema. "Ni mama?"

"Niko hapa," alijibu Maliro. "Niko muzima. Acha kulia, leo tumeshalia ya kutosha."

Bénite akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu, akalia hivyo hivyo. Alieleza baadaye, kwa vipande vipande: magari yalizuiwa njiani yakingoja wanajeshi wa kuyasindikiza, simu ikaisha chaji, na mwisho gari lenyewe likaharibika.

"Na Muyisa?" Jokébed aliuliza. Muyisa alikuwa mume wa Bénite.

"Amebaki, yaya," Bénite alimjibu dada yake mkubwa. "Kakao imeiva. Amesema akiiacha, bengine batavuna. Atakuja kesho."

"Kesho njo Noeli."

"Njo vile alisema."

Jokébed akageuka, akaitazama njia ya kilimani.

Séphora, binti mkubwa wa Bénite, hakungoja chakula. Alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, amejikunja. Jokébed akainama kumvua viatu vilivyojaa vumbi. Mtoto akavuta mguu, macho bado yamefumba.

"Hapana, mama mukubwa. Acha."

"Ju ya nini?"

"Tukikimbia usiku."

Jokébed alizifunga tena kamba alizokuwa ameanza kuzilegeza. Kisha akaleta blanketi lake mwenyewe, akamfunika mtoto pamoja na viatu vyake.